"Meno ya Plastiki" na Amana ya Watoto Wetu

(Maneno yaliyosemwa baada ya Swala ya Ijumaa, Mafia)



Leo tumekusudia kuzungumzia yale yaitwayo "meno ya plastiki", au ya nailoni. Mtoto wa miezi mitano au sita hupatwa na homa, huharisha, hutapika na kukataa ziwa. Mama akimfumbua kinywa huona ufizi umevimba na kuwa mweupe. Huambiwa kwamba humo mna meno yasiyo ya kawaida, na yasipotolewa mtoto atakufa. Basi hutolewa kwa kisu, kwa ukucha, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Kinachotolewa ni nini? Ni jino lenyewe la chonge la utotoni, ambalo lingetokeza mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Halijakomaa, ndiyo maana ni laini na jeupe, na likiwekwa kiganjani hufanana kweli na plastiki. Hatusemi kwamba kila mganga hudanganya. Wengine huamini wakionacho. Lakini ufizi ule huvimba hata kwa mtoto mwenye afya. Homa ina asili yake: malaria, maji machafu, au kifua.

Mwaka 1992 wataalamu wa meno Hiza na Kikwilu walichapisha uchunguzi wa kijiji kimoja cha mbali nchini mwetu, walikokuta watoto wenye mapengo kwa sababu hiyo hiyo. Na pengo ndilo dogo. Jeraha hutoka damu nyingi, huingiza vijidudu na pepopunda, na jino la ukubwani lililo jirani huweza kuharibika.

(Wazee wa pwani walikuwa na hofu yao pia, ya kigego, mtoto aotaye meno ya juu kwanza. Wakamwita nuksi, naye hana kosa lolote.)

Linalotutisha zaidi ni muda. Mtoto anayeharisha huweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache, na siku mbili za kuuguza ufizi ni siku mbili bila tiba.

Aliye Jibondo au Juani ana bahari ya kuvuka kabla ya kufika hospitali ya wilaya, Kilindoni. Asingoje. Achanganye dawa ya kuharisha kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, amnyweshe mtoto kijiko kwa kijiko humo chomboni, wala asimnyime ziwa. Na baba asiye na nauli aseme hapa msikitini, leo, kabla ya Magharibi.