Jembe la Myombekere Lilitoka Wapi? Maswali ya Utafiti Kutoka Riwaya ya Kitereza

 

Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha. Baada ya miaka mingi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, yeye akiwa amevuka miaka 80. Mwaka uliofuata akafariki. Kitabu chenyewe ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali: mume na mke wa kisiwa cha Ukerewe waliokosa mtoto, zamani, kabla Wazungu hawajakitawala.

Mwanafunzi akimaliza kukisoma huniletea swali hili: maisha ya Wakerewe wa kale yalikuwaje? Kwa swali hilo utajaza daftari na usijue umefika wapi. Shika kitu kimoja kilichomo kitabuni. Mimi nashika jembe.

Watu wa riwaya hii wanalima, na jembe lao ni la chuma. Nani alilifua? Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe na kumfahamu Kitereza mwenyewe, alionyesha kwamba Wakerewe walipata majembe kutoka kwa wahunzi wa Buzinza, ng'ambo ya maji, upande wetu huu wa Biharamulo. Hapo swali linahama kisiwani na kuja kwetu. Jembe lilibadilishwa kwa kitu gani: mbuzi, nafaka, samaki? Nani alilibeba hadi mtumbwini? Jembe la mkia, lile linalochomekwa kwenye tundu la mpini, liliishi misimu mingapi kabla ya kwisha makali? Na majembe ya viwandani yalipoingia, mhunzi alikula nini?

Maswali haya yana pa kujibiwa. Mkulima anayeokota mavi ya chuma shambani ameokota ushahidi wa tanuri. Aandike mahali alipoyaona kabla hayajatupwa njiani. Wazee wa koo za wahunzi wapo. Kizinza na Kikerewe ni ndugu wa karibu, kwa hiyo majina ya mivukuto na nyundo yaandikwe kwa lugha zote mbili na kulinganishwa.

Lakini kuna swali gumu zaidi, nami nalipenda kuliko yote. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuingia. Zama anazosimulia hakuziona, alizisikia. Akaziandika miaka ya 1940, wakati ambapo jirani zetu wa Buhaya walikuwa wamezungumzwa kwa miaka mingi na madaktari na wamisionari kwa sababu ya magonjwa ya zinaa na uhaba wa watoto. Je, kilio cha Bugonoka cha kukosa mtoto ni cha enzi za kabla ya Wazungu, au kimebeba pia hofu ya wakati wa mwandishi? Anayetaka kujibu aweke riwaya kando ya rejista za ubatizo na taarifa za hospitali za misheni, mwaka kwa mwaka, na asiharakishe kuipa riwaya ushindi.

Wanafunzi, likizo hii kila mmoja achague kitu kimoja cha kitabuni: chungu cha pombe ya ndizi, mali ya mahari, dawa ya mganga. Kisha aandike maswali matatu, na mbele ya kila swali aandike ni nani au ni kitu gani kinachoweza kulijibu. Swali lisilo na wa kulijibu lifutwe, litafutwe jingine.