Mizani ya Dunia Inabadilika: Je, Uadilifu Utakuwapo?



Kijana anayesomea uhusiano wa kimataifa huanzishiwa somo lake kwa Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648, kana kwamba kabla yake mataifa hayakujua kuwekeana ahadi. Hiyo ni nusu ya kweli. Imam Muhammad bin Hasan Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 189 Hijria (805), aliandika juu ya siyar, yaani sheria za vita, amani na mikataba, zaidi ya miaka 800 kabla ya Westphalia.

Anayejiona peke yake ndiye mwenye elimu, hujipa pia haki ya kuamua peke yake. Mwaka 1884 na 1885 dola 14, nyingi zao za Ulaya, ziliketi Berlin kuweka kanuni za kulitwaa bara la Afrika, na hakuna Mwafrika aliyeketi nazo. Mwaka 1945 dola tano zikapewa kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Hata leo Afrika haina kiti cha kudumu humo.

Sasa mizani inabadilika. Kundi la BRICS, lililofanya mkutano wake wa kwanza wa wakuu mwaka 2009, liliipokea Misri mwaka 2024 na Indonesia mwaka 2025. Wengi wetu tunashangilia. Tusiharakishe! Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022, kuhusu Waislamu wa Xinjiang nchini China, yatukumbusha kwamba dhuluma haitoki Magharibi tu. Kubadilisha mabwana si kupata haki.

Mizani yetu sisi ni Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Abu Jandal (r.a.) alifika akiburuta minyororo, akiomba hifadhi. Mtume (s.a.w.) alimhimiza asubiri, akamrudisha, kwa kuwa ahadi ilikwisha fungwa. Uadilifu hupimwa pale unapotuuma sisi wenyewe.

Basi tuwasomeshe vijana wetu elimu ya wengine pamoja na urithi wao. Na tuanze nyumbani: nani atamsikiliza Mwislamu anayedai haki mbele ya mataifa, hali deni la jirani yake hajalilipa?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa uadilifu. Amin.