Loda Inayolegea Ikibebeshwa Mzigo

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie vitabu vya stoo. Nimemwomba Ndugu Mwenyekiti ruhusa ya kuzungumzia mashine, naye kwa hisani yake amenikubalia. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kukagua hesabu. Lakini kosa ninalotaka kuwaeleza, ingawa lilihusu mashine, nililifanya kwa kalamu.

Chama kimoja cha wakulima wa pamba, ambacho sitakitaja jina, kilinunua loda ndogo ya dizeli kwa ajili ya kupakia mbegu za pamba katika malori. Ni ile mashine fupi ya magurudumu manne, yenye ndoo mbele, igeukayo pale pale iliposimama. Wako wanaodhani kuwa mtambo huo ni wa wakandarasi wa barabara, na kwamba mkulima ameingilia mambo yasiyo yake. La hasha. Mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, mafundi wa Minnesota huko Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ndogo iwezayo kuingia bandani na kuzoa samadi. Ndiyo mama wa loda hizi.

Katika msimu wa pili dereva alianza kulalamika. Asubuhi injini iliwaka bila taabu, na ikiwa tupu ilikwenda vizuri. Ndoo ilipojaa na kuinuliwa, sauti ilididimia na injini ikataka kuzimika. Akiipumzisha dakika kumi, nguvu zilirudi, kisha zikapotea tena. Malalamiko hayo aliyasema kwa mdomo, wala hayakuandikwa popote. Mimi nilipofika nilikuta daftari la mafuta tu: hapo awali lori moja lilipakiwa kwa lita 4 hivi za dizeli, na sasa kwa lita 6. Nikaandika hoja kwamba ongezeko hilo lielezwe. Bodi ilisoma hoja yangu ikaona neno wizi, ingawa sikuliandika. Dereva akasimamishwa kazi katikati ya msimu, bila mshahara.

Dereva wa pili akapata taabu ile ile. Fundi aliyeitwa akasema pampu ya nozeli imekwisha, akaleta makadirio ya bei ambayo yangemeza sehemu kubwa ya akiba ya chama. Hundi ilikuwa bado haijatiwa saini ya pili alipopita fundi mmoja mzee wa kinu cha kuchambulia pamba. Hakugusa pampu. Aliuchomoa mpira wa dizeli utokao tangini, akauelekeza chini katika debe, akatazama. Dizeli ilitiririka kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone. Mdomoni mwa bomba, ndani ya tangi, palikuwa na bonge la nyuzi za pamba. Tangi lilikuwa likijazwa kwa ndoo wazi, mbele ya lundo la mbegu, na kitambaa kilichochanika ndicho kilichokuwa chujio.

Hebu tufuate jambo lenyewe. Injini ikiwa tupu huhitaji dizeli kidogo, na kidogo hicho kilipita. Ikibebeshwa mzigo hudai dizeli nyingi. Mvuto ukazidi, zile nyuzi zikavutwa zikaziba mdomo wa bomba. Injini ikizimwa mvuto hukoma, nyuzi huachia, na njia hufunguka. Ndiyo maana mapumziko yalionekana kama dawa. Kupakia lori kukachukua muda mrefu zaidi, nayo injini ikaendelea kula mafuta muda wote huo. Lita kwa saa hazikupanda. Saa kwa lori ndizo zilizopanda. Loda ile ina mita ya saa mbele ya kiti cha dereva. Kama chama kingaliandika namba yake kila jioni, na mimi ningaliiuliza, hesabu ya dakika tano ingalimwokoa mtu na fedheha.

Basi, kabla ya kuita fundi, katibu na dereva waanze kwa kusikiliza. Ndoo inapolemewa, je, sauti ya injini inashuka? Ikiwa haishuki, bali ndoo au magurudumu ndiyo yanayolegea, waiache injini. Watazame haidroliki, yaani kiasi cha mafuta yake, chujio lake, na joto lake. Mashine iliyo na nguvu asubuhi ikalegea mafuta yakishapata moto, huenda pampu ya haidroliki imelika kwa ndani, maana mafuta ya moto huwa mepesi na huvuja kirahisi. Hapo fundi anahitajika.

Ikiwa sauti inashuka, watazame moshi. Moshi mweusi ni dalili kwamba dizeli imezidi hewa: watoe chujio la hewa, lile mafundi waliitalo eakilina. Palipo na vumbi la pamba huziba kabla ya siku zilizotajwa kitabuni, na rejeta nayo hali kadhalika. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, na hilo si la kutengenezwa ghalani. Ikiwa nguvu zinapotea na moshi mweusi hauonekani, yaelekea dizeli haifiki. Wafungue mfuniko wa tangi mashine ikiwa imelegea. Hewa ikiingia kwa mlio na nguvu zikarudi, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba. Kisha wamwage maji yaliyokusanyika chini ya chujio la dizeli, wabadilishe chujio, na kukagua mipira kama imepasuka na kuvuta hewa. Aidha, wahakikishe kuwa mpini wa akselereta unafika mwisho wake. Nimeona waya uliolegea ukiitiwa fundi kutoka mjini. Pampu na nozeli ni za mwisho kushukiwa, kwa kuwa ndizo za gharama kubwa kuliko zote.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu kweli pampu hiyo, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Tangu mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa hapa Tanzania, faida ya kuchanganya imepungua. Hata hivyo mafuta ya madumu yanunuliwayo njiani sishauri chama chochote kuyapokea, hata kwa bei ya kuchekesha.

Jambo moja la hatari. Mtu asitafute uvujaji wa haidroliki kwa kupapasa mipira kwa mkono. Mchirizi mwembamba wenye shinikizo hupenya ngozi, na kidonda chake huonekana kidogo wakati nyama ya ndani inakufa. Tumieni kipande cha boksi, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa ile ile. Wala asiingie mtu chini ya mikono ya loda iliyoinuliwa bila nguzo yake ya kuizuia.

Nimeandika hoja ya pili inayofuta ile ya kwanza, na nakala nimempelekea yule dereva kwake. Amerudishwa kazini. Mishahara yake ya miezi miwili imo katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa chama chake, na hadi leo haijalipwa.

Nipo tayari kwa maswali, Ndugu Mwenyekiti.