Nyumba za Wenye Vinu vya Miwa: Tuzitunze na Historia Yake Yote



Kila tunapokwenda kwenye pantoni tunapita mbele ya majumba ya mawe. Kuta ni za matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko, milango ina nakshi. Mengine yamebaki kuta tupu, mti umeota sebuleni. Tumezoea kusema "nyumba za Waarabu", tukapita. Leo tunaomba tuseme zaidi.

Karne ya 19, utajiri wa mji wetu haukuwa pembe za ndovu peke yake. Mashamba ya miwa yalitanda kandokando ya mto, pamoja na vinu vya kukamulia na masufuria makubwa ya kupikia maji ya miwa. Sukari ilipakiwa majahazini. Abushiri bin Salim, tunayemkumbuka kwa kupigana na Wajerumani na kunyongwa hapa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo.

Lakini nani alikata miwa? Watumwa. Na muwa ukishakatwa haungoji, huchacha; kinu kikianza, kazi haina usiku. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakatoroka, wakajenga makazi yao Kikogwe. Hao nao ni wazee wetu.

Humu ukumbini wamo wajukuu wa waliolala ghorofani na wajukuu wa waliokesha kinuni. Wengine wetu ni wajukuu wa wote wawili. Ndiyo maana habari hizi zilisemwa chini chini majumbani. Hatukusudii kumwaibisha mtu. Tunachoogopa ni kwamba ukuta ukianguka, mawe yatabebwa kujengea kwingine, na wazee wanaojua wataondoka na maneno yao.

Michango ya mwaka huu tunaiombea mambo mawili: chokaa na boriti za kuzuia kuta zisizidi kubomoka, na kurekodi wazee, wa mjini na wa Kikogwe, kabla hatujachelewa. Kibao kitakachowekwa mlangoni kitaje mwenye kinu, na kitaje pia waliokisukuma.

Daftari la ahadi liko mezani. Aliye mbali atume. Aliye hapa aandike. Asiye na fedha alete babu au bibi azungumze, huo nao ni mchango.