Fidia ya Mfugaji Si Fadhila ya Mkubwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wa Thika na Ruiru)



Kila ukame unapopita, sisi mawakili huulizwa: fedha za msaada alilipwa nani? Leo twaomba kutanguliza swali jingine: zililipwa kwa kanuni gani? Msaada usio na kanuni iliyoandikwa kabla ya janga haudaiwi. Huombwa tu, na mwombaji hachagui.

Mfano tunao hapa Kenya. Mwaka 2015 serikali ilianzisha bima ya mifugo katika Wajir na Turkana, ikawalipia wafugaji mchango wote, hadi hesabu ya ng'ombe 5 kwa kaya. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutoka kabla ng'ombe hajafa. Februari 2017 zililipwa zaidi ya shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti 6. Ukigawanya, kila kaya ilipata karibu shilingi 18,000. Si utajiri, lakini hununua chakula cha mifugo na dawa. Tena setilaiti haina chama. (Orodha ya kaya, hata hivyo, huandikwa na binadamu, na hapo tusifumbe macho.)

Sasa turudi kwetu. Mfugaji wa Ruiru hana mbuga ya kupimwa kutoka angani. Ng'ombe wake wa maziwa yumo zizini, kwenye robo ekari, akilishwa nepia ya kukatwa na nyasi kavu za kununua. Ukame uliotangazwa janga la kitaifa Septemba 2021 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini hadi ulipokwisha 2023, na ilikuwa haki misaada ielekezwe kaunti kame. Lakini mnakumbuka bei ya nyasi ilivyopanda hapa. Kisha ikaja mvua ya 2024. Mei mwaka ule serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa kandokando ya mito Nairobi. Ahadi ile ilihesabu familia, haikuhesabu ng'ombe. Nanyi mwajua kwamba ng'ombe mmoja akizama, karo ya watoto imezama naye.

Hatusemi ya wenzetu wa kaskazini yapunguzwe. Twadai mfugaji wa zizini naye aandikiwe kanuni: nani anastahili, hasara inathibitishwa na daktari gani wa mifugo, kiasi gani hulipwa, na baada ya siku ngapi.

Kanuni hiyo ikingojewa, kazi ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 yamtaka ofisa ajibu ndani ya siku 21. Ombi halina ada. Andikeni barua fupi kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Msiulize siri za majirani. Ulizeni kipimo kilichotumiwa, aliyetayarisha orodha, na idadi ya waliolipwa katika kila wadi. Nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa. Ofisa akinyamaza, nakala hiyo ipelekeni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kisheria yaweza kumwamuru ajibu.

Karatasi ziko mezani. Asiyeandika atasaidiwa na katibu. Tungependa barua za Thika na za Ruiru ziondoke siku moja.