"Je, Niache Ugali?"

Hotuba ya Afisa Lishe katika mkutano wa wakazi wa kata



Swali niulizwalo mara nyingi kliniki ni hili: "Je, niache ugali?" Aulizaye ametoka kupimwa sukari, na jirani amekwisha kumwambia kwamba wanga ni sumu.

Wanga si sumu. Ni chakula cha nguvu kilichomo katika mahindi, mchele, mtama, muhogo, viazi na ndizi. Tukishakula, mwili huuvunja ukawa glukosi, yaani sukari isafiriyo katika damu. Insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, huiwezesha sukari hiyo kuingia katika seli na kutumika. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Ndipo sukari hurundikana katika damu.

Basi tuangalie aina ya wanga, kiasi chake na kitoweo chake. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe hupoteza pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi na vitamini. Dona huvihifadhi, ingawa nayo ni wanga na ina kipimo chake. Maharage na mboga za majani hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Soda ya mililita 350, kwa upande wake, huweza kuwa na takriban gramu 35 za sukari, bila nyuzinyuzi hata chembe. Igaweni sahani hivi: nusu mboga, robo wanga, robo maharage, samaki, mayai au nyama.

Nawaonya jambo moja. Atumiaye insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, akiacha kula, sukari yake yaweza kushuka ghafla. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, hata kuzimia. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni upesi maji yenye sukari. Akizimia, msimtie kitu kinywani. Mkimbizeni kituo cha afya. Wala mtu asibadili dawa wala mlo wake kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Nitakapoulizwa tena, nitajibu: usiuache ugali. Punguza matonge, badili unga, ongeza mboga, na urudi kupima.