Hakuna Aliyemuuliza



Tuseme leo umepewa kazi. Mbele yako limelala jiwe la tani 25 hivi, nawe unatakiwa ulisimamishe wima. Huna winchi, huna hata kipande cha chuma. Una wanaume kumi na wawili, magogo, kamba na mawe ya kuokota. Utaanzia wapi?

Swali hilo alikuwa nalo Thor Heyerdahl, mtafiti wa Norway, alipofika Kisiwa cha Pasaka mwaka 1955. Kisiwa hicho, ambacho wenyeji wanakiita Rapa Nui, kiko katika bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Chile, nchi inayokitawala. Kina mamia ya sanamu kubwa za mawe. Zile zilizokuwa zimesimamishwa juu ya majukwaa ya mawe zilikuwa zimeangushwa siku nyingi.

Meya wa kisiwa, Pedro Atan, akasema yeye anajua. Alifundishwa na wazee wake. Basi mwaka 1956 yeye na wenzake wakaingia kazini pale Anakena. Walipenyeza miti chini ya sanamu, wakaining'inia. Jiwe likainuka kidogo tu. Meya, amelala kifudifudi, akasukuma vijiwe katika upenyo ule. Wakarudia, na wakarudia tena. Vijiwe vikafuatwa na mawe, mawe yakawa kilima, na sanamu ikapanda nacho mpaka ikasimama, kamba zikiizuia isipinduke. Siku 18, haba na haba.

Heyerdahl anasimulia kwamba alimuuliza meya kwa nini hakuwaambia wageni waliotangulia. Jibu lilikuwa fupi: hakuna aliyemuuliza.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1968, Mswisi Erich von Däniken alitoa kitabu kilichodai kwamba wageni kutoka anga za juu walikuwa na mkono katika kazi kama hizo. Sisi Waafrika wimbo huo tunaujua. Great Zimbabwe nayo walipewa Wafoinike kwanza, kabla ya kukubaliwa kuwa ni kazi ya Waafrika.

Ndiyo maana anayepanga jaribio la namna hii hana budi kuwa mwangalifu. Atumie vile tu walivyokuwa navyo watu wa kale. Tena asiharibu kitu chenyewe. Mwaka 1986 mhandisi Pavel Pavel wa Czechoslovakia aliiyumbisha sanamu halisi kwa kamba ikawa inatembea, lakini kitako kikaanza kumeguka. Wamarekani Terry Hunt na Carl Lipo wakatumia sanamu ya zege ya tani zaidi ya 4. Watu 18 na kamba tatu wakaitembeza, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2012. Wazee wa Rapa Nui walikuwa wamesema tangu zamani kwamba sanamu zilitembea. Wakachekwa.

Jaribio likifaulu linathibitisha kwamba jambo linawezekana, si kwamba ndivyo lilivyofanyika. Lakini hilo latosha kumnyamazisha anayesema wazee hawakuweza.

Na jambo la kwanza katika mpango wowote halina gharama: kamuulize mwenyewe. Fundi wa jahazi na mhunzi wa kijijini wangali wapo. Je, nani amewauliza? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wakishaondoka, tutabaki kubishana na mawe.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.